Angani hakuna baridi ya bure

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe wilayani Rungwe, mwaka wa tisa sasa. Nina mtungi wa lita 35 wa naitrojeni ya kimiminika wa kuhifadhia mbegu za madume, na mdogo wa lita 3 ninaoubeba kwenye pikipiki. Ule mkubwa hupungua kama lita moja na nusu kwa wiki hata nisipoufungua. Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaniambia Wamarekani wanataka kuweka vituo vya mafuta angani, na mafuta yenyewe ni ya baridi kuliko naitrojeni yangu. Nikamjibu kwamba huko si kazi, maana anga za juu ni baridi kupindukia, yatajitunza yenyewe. Akasema mwalimu wao kawaambia yanachemka na kupotea. Nani mkweli? Na kama yanachemka, kwa nini wasilizibe tangi tu? Mimi nami nifanyeje na mtungi wangu?

JIBU: Ndugu yangu, kazi ni njema. Mwalimu ndiye mkweli. Mafuta hayo, hasa hidrojeni ya kimiminika, yanachemka angani, na yasipotunzwa yanakwisha. Lakini nusu ya maelezo unayo wewe mwenyewe kwenye kona ya ofisi yako, kwa hiyo tuanzie hapo.

Nimeupigia hesabu mtungi wako. Lita moja ya naitrojeni ikichemka hunyonya kama kilojuli 160 za joto. Ukipoteza lita moja na nusu kwa wiki, joto linalopenya kuingia ni wati 0.4 tu. Chumba chako chote, chenye nyuzi 18 au 20 za huko Rungwe, kinasukumana usiku na mchana na kitu chenye nyuzi 196 chini ya sufuri, na kinachofanikiwa kupita hakifiki sehemu ya kumi ya taa ya wati tano. Hicho si chombo kibovu. Ni chombo cha ajabu.

Aliyekibuni ni James Dewar, London, mwaka 1892: chupa ndani ya chupa, hewa ya katikati ikanyonywa ikatoka. Mwaka 1898 huyo huyo akawa wa kwanza kuigeuza hidrojeni kuwa kimiminika. Chupa ya chai iliyoko mezani kwako ni mjukuu wa chupa ile. Ilitumika kutunza baridi kabla haijaanza kutunza chai.

Sasa angalia kilichopo kati ya kuta mbili za mtungi wako. Hamna kitu. Ni ombwe. Na anga za juu nazo ni ombwe. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: tunaiwazia baridi ya angani kama ya kileleni Kilimanjaro. Baridi ya Kilimanjaro ni ya hewa, inakugusa na kukunyang'anya joto. Angani hakuna cha kukugusa. Utupu haupozi kitu wala haupashi. Kitu kilichoko huko kina njia moja tu ya kutoa joto lake, nayo ni kulimulika nje, kama jiko la mkaa linavyokupiga usoni ukiwa umekaa mbali nalo. Vitabu vya shule huita jambo hilo mnururisho. Kila kitu humulika namna hiyo, hata tangi la mafuta, hata wewe, ijapokuwa macho hayaoni.

Zile nyuzi 270 chini ya sufuri zinazotajwa kila mara kuwa baridi ya angani ni za mwanga hafifu uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Kitu kikiachwa mbali na nyota zote, kwa muda mrefu sana, kitashuka kuelekea huko. Mafuta yetu hayako mbali na nyota zote. Yako jirani na Jua, ambalo katika umbali wetu humwaga wati 1361 juu ya kila mita ya mraba iliyolielekea. Bati jeusi likitazama Jua, mgongo wake ukiwa umezibwa lisipoteze joto kwa nyuma, hufika nyuzi 120. Tufe jeusi linalopigwa na Jua upande mmoja na kumulika pande zote hutulia kwenye nyuzi 5 hivi juu ya sufuri. Nyuzi 5 unazijua vizuri, ndizo za friji yako ya chanjo. Kwa chanjo ni mahali salama. Kwa hidrojeni, inayochemka nyuzi 253 chini ya sufuri, ni tanuri.

Tangi likizunguka karibu na Dunia, kilomita mia chache juu yetu, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu Dunia nayo ni jiko. Ukiwa huko inaziba kama theluthi ya anga yote inayokuzunguka. Humulika joto lake lenyewe, kwa wastani wati 240 kwa kila mita ya mraba, na juu ya hapo hurudisha angani karibu theluthi ya mwanga wa Jua inaoupokea. Tangi likiingia kwenye kivuli cha Dunia, Jua linazimika kwa nusu saa na ushee. Dunia haizimiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulizuia joto mlangoni, na mlango mkubwa ni huo wa kumulikwa. Dawa yake ni blanketi la tabaka nyingi. Chukua karatasi ya plastiki nyembamba kuliko ya mfuko wa maandazi, ipake aluminiamu ing'ae kama kioo. Itarudisha sehemu kubwa ya joto linaloipiga, lakini kile kidogo inachokipokea kitaipasha, nayo itamulika kuelekea ndani. Weka ya pili nyuma yake, ya tatu, ya ishirini, ya arobaini, na kati ya kila mbili tandaza wavu mwepesi wa uzi zisigusane. Kila moja inapata kidogo kuliko iliyotangulia. Mtungi wako unazo hizo, zimeviringishwa ndani ya lile ombwe ambalo hujawahi kuliona.

Neno "zisigusane" nimelilipia. Nilipokuwa bado mwanafunzi maabara, nilikabidhiwa kuvisha tangi dogo la majaribio blanketi la namna hiyo. Nilitaka likae nadhifu, nikalikaza kwa utepe huku na huku kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Tulipopima, joto lililoingia lilikuwa zaidi ya maradufu ya tulilotarajia. Karatasi zilikuwa zimebanana, na zikibanana joto halina haja ya kumulika tena, linatembea kutoka moja kwenda nyingine. Tulivua, tukavisha upya, likining'inia na mikunjo yake, tukapata tulichokitaka. Mpaka leo nikiona tangi limevikwa blanketi lililolegea moyo wangu unatulia.

Blanketi hilo lina sharti lake: ni la kwenye ombwe tu. Huku chini hewa ikijaa kati ya tabaka halisaidii. Tena kwa hidrojeni kuna baya zaidi, maana hewa yenyewe ikigusa ukuta wa baridi ile hugeuka kimiminika, kisha huganda. Ndiyo sababu roketi zikiwa bado ardhini huvikwa povu. Ile rangi ya chungwa ya tangi kubwa la Space Shuttle, chombo cha Wamarekani kilichobeba wanaanga, ilikuwa rangi ya povu lenyewe. Centaur, roketi ya kwanza kujaribu kuruka kwa hidrojeni ya kimiminika, ilivikwa vipande vya kihami kwa nje, na katika safari yake ya kwanza, tarehe 8 Mei 1962, vipande hivyo vilibanduliwa na upepo wa mwendo. Dakika moja haikutimia roketi ikawa imelipuka.

Mlango wa pili ni kila kinacholishika tangi: mihimili, mabomba, nyaya. Wewe unaujua mlango huo kwa jina la shingo. Shingo ya mtungi wako ni nyembamba na imetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, si kwa chuma, kwa sababu chuma kingeupitisha ujoto wa chumba moja kwa moja hadi kwenye mbegu. Matangi ya angani hufanyiwa vivyo hivyo, mihimili mirefu na myembamba ya nyuzi za kioo au za kaboni.

Dawa ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni kivuli. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nyuma ya mwavuli wa tabaka tano wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Upande unaotazama Jua mwavuli una nyuzi 85 hivi. Upande wa pili, vioo vya darubini vinakaa kwenye nyuzi 233 chini ya sufuri, au karibu na hapo, na kilichovifikisha huko ni kivuli na umbali. Chombo kimoja tu kati ya vile ilivyobeba ndicho kilichohitaji mtambo wa kukipoza zaidi.

Linganisha na mafuta. Oksijeni ya kimiminika, ambayo roketi hubeba ili mafuta yapate kuungua mahali pasipo na hewa, huchemka nyuzi 183 chini ya sufuri. Methani huchemka 161 chini ya sufuri. Ukiyatia matangi ya vitu hivyo nyuma ya mwavuli kama ule, mbali na Dunia, shida inageuka: unaanza kuhangaika yasigande, kwa sababu oksijeni huganda kwenye 219 chini ya sufuri, na methani mapema zaidi. Hidrojeni pekee ndiyo hubaki ikikosa nyuzi 20 za mwisho. Nyuzi 20 tu, lakini ni ghali kuliko zote zilizotangulia. Kwa maoni yangu, mafuta ya kukaa miezi mingi yangepelekwa mbali na kuwekwa kivulini, na karibu na Dunia yakaachwa yale yatakayotumika ndani ya siku chache. Tatizo ni kwamba vyombo vingi huanzia safari zao hapa karibu, kwa hiyo watu wanalazimika kupigana na jiko mlangoni pake.

Nilisema hidrojeni ni ghali. Wati moja ya joto, ikiingia kutwa kucha, huchemsha nusu lita ya naitrojeni yako. Huchemsha theluthi ya lita ya oksijeni, na kidogo juu yake. Hidrojeni huchemsha lita mbili na robo tatu. Sababu ni wepesi wake: lita moja ya naitrojeni ina uzito wa gramu 800, ya hidrojeni gramu 71. Kwa hiyo tangi lake huwa kubwa, na tangi kubwa lina ngozi kubwa ya kupigwa na joto.

Tena hidrojeni ina jambo ambalo lilipogunduliwa liliwashangaza wataalamu wenyewe. Molekuli yake ina viini viwili vinavyozunguka kama pia. Katika joto la kawaida, robo tatu ya molekuli viini vyake huzunguka kwa kufuatana, na robo iliyobaki huzunguka kwa kupingana. Ikiwa kimiminika, karibu zote hutaka kupingana. Kila inayogeuka hutoa joto kidogo, na mgeuko huo unaenda taratibu, siku baada ya siku. Jumla ya joto hilo ni kubwa kuliko joto linalotosha kuichemsha hidrojeni yote. Maana yake ukiipoza haraka ukaitia kwenye tangi lisilopenya joto hata chembe, itajichemsha yenyewe kutoka ndani. Ndiyo maana viwandani huipitisha kwanza kwenye kichocheo, igeuke yote kabla haijaingia tangini.

Kwa nini basi wasiiache? Kwa sababu hakuna mafuta yanayosukuma kama hayo. Injini ya hidrojeni na oksijeni hutoa gesi zake kwa kasi ya kilomita 4.4 kwa sekunde, ya methani kama 3.6. Kwa safari ya mbali tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utabeba chakula na vifaa, au utabeba mafuta tu.

Sasa swali lako la kuziba tangi. Lita moja ya naitrojeni ikigeuka gesi yote hujaza lita 700 hivi. Zibia hizo kwenye chombo na presha itapanda mpaka chombo kishindwe. Tangi la roketi ni jembamba kwa makusudi, kwa sababu kila kilo ya chuma ni kilo isiyobebwa. Unaweza kuliacha limefungwa kwa saa kadhaa, presha ikipanda taratibu, lakini mwisho wake lazima lipumue.

Na kupumua ndiko kulikotesa watu. Mtungi wako unapumua bila wewe kujua, kwa sababu naitrojeni imetulia chini na mvuke uko juu shingoni. Uzito ndio unaozitenganisha. Angani uzito huo haupo. Kimiminika kinatambaa ukutani, kinaning'inia kama tone kubwa katikati, mvuke unajikusanya popote. Ukifungua vali hujui kama utatoa mvuke au utamwaga mafuta yenyewe. Na ukiwasha injini hujui kama pampu itapata kimiminika au itanyonya mapovu, na pampu ya roketi ikinyonya mapovu hufa papo hapo.

Kabla ya kwenda Mwezini, NASA, shirika la anga la Marekani, ilirusha roketi mahsusi kwa ajili ya kulitazama jambo hilo tu. Ilikuwa tarehe 5 Julai 1966, safari iliyoitwa AS-203, na ndani ya tangi la hidrojeni waliweka kamera ya televisheni. Picha zilionyesha kwamba msukumo mdogo sana unatosha kukituliza kimiminika upande mmoja. Wakapata njia nzuri: mvuke unaotoka waliuelekeza nyuma ya roketi, ukawa unasukuma taratibu muda wote, na msukumo huo huo ukawa unayatuliza mafuta. Kitu kinachopotea kikafanya kazi kabla ya kupotea. Apollo 11, safari iliyowatua watu wa kwanza Mwezini, ilikaa hivyo saa mbili na nusu hivi ikiizunguka Dunia kabla ya kuwasha tena na kuelekea Mwezini. Na swali lako la kuziba nalo lilijibiwa katika safari ya AS-203, maana jaribio lake la mwisho lilikuwa la kupandisha presha, na ukuta unaotenganisha matangi mawili ukapasuka, roketi ikavunjika vipande.

Saa mbili na nusu si miezi sita. Kwa muda mrefu huwezi kuendelea kusukuma. Hapo kuna mbinu nyingine, na ili uione, fikiria mtungi mdogo wa gesi ya kupikia. Ukipika kwa moto mkubwa muda mrefu kisha ukaugusa, umepoa, pengine umetoa jasho. Gesi iliyomo ni kimiminika kinachochemka, na joto la kuchemkia kinalichukua kwenye chuma. Wahandisi huchota kiasi kidogo cha kilichomo tangini, kiwe kimiminika au mvuke, si neno. Hukipitisha kwenye tundu jembamba, presha yake inaporomoka, nacho kinachemka kwa baridi kali kuliko tangi lenyewe. Mkondo huo huzungushwa kwenye bomba lililoshikizwa ukutani mwa tangi, unanyonya joto la mafuta yaliyobaki, ndipo unaachiwa nje ukiwa mvuke mtupu. Umetoa kidogo, umepoza kingi, na hukuhitaji kujua kimiminika kimekaa upande gani.

Tena usiuachie mvuke huo haraka. Bado ni baridi mno. Upitishe kwanza katikati ya blanketi, uupitishe kwenye mihimili, ulikamate joto njiani kabla halijafika tangini. Mvuke wa hidrojeni ukipanda kutoka baridi yake hadi karibu na joto la kawaida hunyonya joto mara kadhaa ya lile lililouchemsha. Kuutupa bila kuutumia hivyo ni kumwaga maziwa ukabaki na povu.

Ushahidi kwamba mambo haya yanafanya kazi ni darubini zilizopozwa kwa heliamu, ambayo huchemka nyuzi 269 chini ya sufuri, chini hata ya hidrojeni. IRAS, ya mwaka 1983, iliizunguka Dunia na heliamu yake ikaisha baada ya miezi kumi. Spitzer, iliyorushwa Agosti 2003, iliachwa itangulie kupoa kivulini, ikiifuata Dunia kwa mbali katika njia ya kulizunguka Jua, na mvuke wake ukatumika kwa uchumi mkubwa. Ilibeba lita 360 tu. Zilidumu mpaka Mei 2009, zaidi ya miaka mitano na nusu. Nikipata nafasi ya kuwafundisha vijana, huwawekea hesabu ya Spitzer ubaoni na kuwaacha waitazame kimya.

Lakini heliamu ile ilikuwa ya kuisha. Mafuta ya safari yanatakiwa yabaki. Hapo inaingia friji, na hapo sheria za maumbile hazina huruma. Friji haiui joto, inalihamisha, na kulihamisha kutoka kwenye baridi kali ni kama kuchota maji kisima kirefu: kadiri kisima kinavyozidi kina, ndivyo mkono unavyochoka. Kuhamisha wati moja kutoka kwenye baridi ya oksijeni hadi joto la kawaida, friji kamilifu isiyopatikana duniani ingehitaji umeme wa wati 2.3. Kutoka kwenye baridi ya hidrojeni ingehitaji wati 14. Mitambo halisi hula mara nyingi zaidi ya hapo, na umeme wote huo hugeuka joto ambalo nalo lazima limulikwe nje kwa mabawa makubwa. Kwa hiyo wenye busara hugawa kazi. Mtambo wa kwanza hupoza ngao iliyo katikati ya blanketi mpaka baridi ya oksijeni, ambako kazi ni rahisi, na kukamata sehemu kubwa ya joto pale. Wa pili hushughulika na mabaki tu yanayofika kwenye hidrojeni. Mwaka 2025 NASA iliujaribu mpango huo katika kituo chake cha Marshall kilichoko Huntsville, Alabama.

Friji ina ubaya wake, nao unaujua kila umeme ukikatika. Mwishoni mwa mwaka 2018 kifaa kiitwacho RRM3 kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kikiwa na lita 42 za methani ya kimiminika. Miezi minne haikupotea hata kidogo, kazi safi kabisa. Aprili 2019 mtambo wa kupoza ukagoma kuwaka, methani ikaanza kupata joto, ikabidi iachiwe yote angani kwa usalama. Mimi nasema tangi lisiloweza kustahimili wiki kadhaa bila friji yake halipaswi kubeba mafuta ya kuwarudisha watu nyumbani. Mtungi wako hauna waya. Usiudharau kwa hilo.

Kijana wako alichosikia ni mipango ya kurudi Mwezini. Ili kupata chombo cha kutua huko, mwaka 2021 NASA iliichagua kampuni ya SpaceX, ambayo chombo chake Starship hutumia methani na oksijeni, na kitahitaji kujazwa angani na vyombo vingine vinavyopanda kimoja kimoja. Mwaka 2023 ikaichagua pia kampuni ya Blue Origin, inayotumia hidrojeni na kuahidi kuitunza isipotee. Wa kwanza amechagua mafuta rahisi kutunza, wa pili mafuta yenye nguvu. Nadhani wa kwanza atafika mapema, lakini namwombea wa pili, kwa sababu akifaulu yeye njia itakuwa imefunguka kwenda mbali sana. Tarehe 14 Machi 2024, Starship ilipokuwa angani katika safari yake ya tatu, ilijaribu kuhamisha oksijeni kutoka tangi moja kwenda jingine ndani ya chombo hicho hicho. Kuhamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine ni kazi kubwa kuliko hiyo, na wewe unajua kwa nini: ukimimina naitrojeni kwenye mtungi mdogo uliokuwa umekauka, ya kwanza yote hupanda kama moshi mpaka chuma kipoe. Mabomba ya angani hufanya vivyo hivyo, na kinachopanda moshi huko kilipelekwa kwa roketi.

Ukubwa unasaidia. Ukiongeza upana, urefu na kimo cha tangi mara mbili, ngozi yake inakuwa mara nne, lakini mafuta yaliyomo yanakuwa mara nane. Ndiyo maana mtungi wako wa lita 3 hukauka mapema na wa lita 35 ukakufikisha miezi kadhaa.

Basi tuje kwenye huo wa lita 35. Hasara yako ya lita moja na nusu kwa wiki ni ya mtungi mzima, usiusumbue. Uweke chumba chenye hewa inayopita, mbali na dirisha linaloingiza jua, juu ya ubao na si juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu, kwa sababu unyevu hula kitako chake. Kizibo chake kilicholegea kimelegezwa kwa makusudi. Usikikaze wala kukifunga kwa mpira, umeona yaliyoipata AS-203. Unapotafuta mrija wa mbegu usikivute kikombe kinachobeba mirija nje ya shingo, kibakize chini ya mdomo. Na ukiusafirisha kwenye gari la kufungwa, fungua madirisha, kwani naitrojeni haina harufu na hufukuza hewa unayoivuta bila kukupa dalili.

Cha kuogopa ni ombwe kuvuja. Ukiuona mtungi umetoa jasho au umepata barafu mabegani, karibu na shingo kwa nje, ombwe limekwenda, na blanketi la ndani limekuwa karatasi tu. Usingoje gari la naitrojeni. Hamisha mbegu siku hiyo hiyo kwenye mtungi mwingine, hata wa kuazima wilaya ya jirani.

Kupima mpe kijana. Achukue ile rula nyeusi, aitumbukize mpaka chini, aitoe, aipungie hewani, asome pale umande mweupe ulipoishia. Arudie baada ya siku saba. Lita zilizopungua azizidishe kwa juli 160,000, agawanye kwa sekunde 604,800. Jibu ni wati. Akipata 0.4 uko salama. Akipata zaidi ya 1, anza kutafuta mtungi mpya.